Sauti ya Kuazima

Siku ya kumi na moja tangu nikabidhiwe funguo za ofisi, sauti ilinikatikia mstarini.

Nilikuwa nimesimama kwenye kile kibaraza cha saruji chini ya mlingoti wa bendera, fimbo kwapani, watoto zaidi ya mia saba mbele yangu kuanzia awali mpaka darasa la saba, nawafokea kuhusu kuchelewa. Nikafika kwenye "kuanzia kesho". Ikatoka "kuan", na kilichofuata kilikuwa mluzi. Nikakohoa, nikajaribu tena, ukatoka mluzi mwembamba zaidi. Kule nyuma, kwenye mstari wa darasa la sita, mtoto mmoja akacheka. Ninyi mliowahi kusimama mbele ya watoto mnajua: kicheko cha mmoja mstarini ni kiberiti kwenye nyasi za mwezi wa tisa.

Mwalimu mkuu msaidizi ndiye aliyeniokoa. Alipanda kibarazani akipiga makofi, akauliza, "Mmesikia alichosema madamu?" Watoto wakaitika kwa pamoja, "Ndiyooo!" Hawakuwa wamesikia chochote. "Haya, darasa la kwanza tangulieni."

Wiki nzima nilitafuna tangawizi mbichi na kulamba asali, usiku najifukiza kwa majani ya mkaratusi. Niliamini tatizo ni koo.

Inabidi nieleze nilimrithi nani. Mtangulizi wangu aliongoza shule ile miaka tisa. Watoto walimpa jina la Radi, na walimu nao walilitumia akiwa hayupo. Akikohoa getini, simu zinaingia mikobani na chaki zinaanza kuandika zenyewe. Sisemi kwa kumsengenya. Alikuta watoto wanakaa chini, akaacha madawati. Alikuta msimu wa korosho ukifika nusu ya darasa inahamia mashambani, naye akawa anapita na baiskeli yake, mkorosho kwa mkorosho, anawarudisha mmoja mmoja. Wazazi walimwogopa na walimpenda. Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu na mtaaluma chini yake, na tulielewana sana, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kupanga ratiba na kukokotoa wastani, na ratiba haihitaji kufokewa.

Alipostaafu, barua ya uteuzi ikanijia mimi. Katika utumishi wangu wote nilikuwa nimemwona kiongozi mmoja tu kwa karibu. Kwa hiyo nilipokalia kile kiti nilidhani kimekuja pamoja na sauti yake.

Nikaiazima. Nikaazima na fimbo kwapani, na ule mtindo wake wa kupigisha daftari la mahudhurio mezani, mpaka na namna alivyokuwa akivua miwani kabla ya kumjibu mtu. Mimi hata miwani sivai, isipokuwa ya kusomea. Nilikuwa naivua hiyo, naiweka, halafu sioni nilichoandikiwa. Kuna watu wanaoweza kuigiza ukali ukawakaa. Mimi nilikuwa kama bwana harusi wa koti la kuazima, mikono inafika kwenye kucha na kila mtu ukumbini anajua koti la nani.

Lakini lililonishtua zaidi halikuwa lile la mstarini. Lilikuwa la Jumanne moja, ofisi ya walimu. Mwalimu wa darasa la tatu, kijana mgeni kazini, alikuwa amechelewa mara ya pili ndani ya wiki moja. Radi angemfokea hapohapo mbele ya wenzake, na nusu saa baadaye angekuwa anacheka naye kwenye chai na kumgawia nusu ya kitumbua chake. Mimi nilichukua sehemu ya kwanza tu. Nilipigisha daftari mezani, nikamwambia kama kazi imemshinda arudi kwao akalime, vijana wanaoitafuta wamejaa mtaani. Hakujibu. Alichukua boksi la chaki akaenda darasani.

Baadaye nilikuja kujua kwamba mke wake alikuwa amejifungua wiki iliyotangulia, na asubuhi zile kijana alikuwa kwenye foleni ya maji tangu saa kumi za usiku. Huku kwetu juu ya uwanda wa Makonde maji ni habari nyingine kabisa; ndoo mbili zinaweza kukugharimu usingizi wote. Hakuniambia kwa sababu sikumpa mwanya wa kuniambia.

Na hapa ndipo nilipoanza kuona tofauti yangu na Radi. Hasira yake ilikuwa mvua ya kiangazi, inapiga, inakatika, jua linawaka. Yangu iliingia tumboni ikakaa mpaka Ijumaa. Siku nne sikumwangalia yule kijana usoni kwa aibu, naye akanielewa kwamba nimemwekea kinyongo. Maneno tuliyotumia na Radi ni yaleyale. Nyuma yake kulikuwa na kicheko na kitumbua, nyuma yangu kulikuwa na ukimya.

Kulikuwa na mwalimu mmoja mama, mkongwe, aliyebakiza miaka miwili kustaafu. Jumanne ileile aliningoja mpaka wenzake wametoka, akafunga mlango.

"Mwanangu," akasema, "yale maneno ya asubuhi si yako. Umeyatoa wapi?"

"Nataka shule iwe na nidhamu, mama."

"Nidhamu nimeisikia. Nimeuliza maneno umeyatoa wapi."

Nilipokosa jibu akacheka kidogo, akanikumbusha ule msemo wa kuiga kunya kwa tembo. Wengi mnaujua, na kinachompata mwigaji mnakijua. Siumalizii hapa kwa kuwa najua baadhi ya wanafunzi wangu wa zamani wanasoma.

Siku zile nilimfikiria sana mzee Ali Hassan Mwinyi. Jaribu kujiweka mahali pake mwaka 1985. Unapokea kijiti kutoka kwa Mwalimu Nyerere, mtu ambaye kizazi kizima hakikuwahi kumjua rais mwingine, mtu ambaye sauti yake redioni ilikuwa kama sauti ya nchi yenyewe. Mwinyi naye alikuwa mwalimu kwa taaluma, lakini mwalimu wa namna nyingine: mpole, msemaji wa taratibu, mtani. Alijifananisha na kichuguu kando ya Mlima Kilimanjaro.

Zamani niliisikia kauli ile kama unyenyekevu tu, adabu ya mtu aliyelelewa Unguja. Baada ya sauti kunikatikia niliisikia upya. Ni mtu anayetangaza mapema, kabla hajaulizwa, kwamba hapa msije kutafuta mlima. Na kichuguu nacho kina kazi zake. Udongo wake ndio tunaofyatulia matofali na kusiribia sakafu. Akaongoza kwa hulka yake, wananchi wakampa jina la Mzee Ruksa, na maisha yakaendelea bila mlima.

Tena upole wake ulikuwa na mifupa. Katikati ya miaka ya 1970, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu watu walikufa mikononi mwa vyombo vilivyokuwa chini ya wizara yake, ingawa si yeye aliyewagusa. Mwaka 2009, akiwa amestaafu zamani na umri umekwenda, kijana mmoja alimpandia jukwaani kwenye baraza la Maulidi pale Diamond Jubilee akampiga kofi mbele ya hadhara. Mzee alirudi akaendelea na hotuba yake. Mimi nilikuwa nimeshindwa kuendelea na hotuba kwa sababu mtoto wa darasa la sita alicheka.

Sitaki kumfanya malaika. Watu walilalamika miaka ile kwamba ruksa imekuwa nyingi mno, na Mwalimu mwenyewe hakuficha alivyokerwa na ulegevu aliouona serikalini. Kila hulka ina bili yake. Nitarudi kwenye bili, kwa sababu yangu ilikuja.

Muda si mrefu tukaitwa semina ya walimu wakuu. Mwezeshaji alitoka Dar, kijana nadhifu mwenye projekta, akatugawia karatasi za maswali ya kutujua sisi ni watu wa namna gani. Unapenda kuamua haraka au taratibu? Kwenye sherehe unakaa wapi? Ukimaliza kujaza unajumlisha alama, unapewa rangi. Kulikuwa na nyekundu, njano, kijani na bluu. Mimi nilitoka bluu: mkimya, mpenda utaratibu, hapendi kushtukizwa. Nikasema sawa, hata mama yangu angewaambia hayo bila karatasi.

Mchana kwenye wali maharage watu walikuwa wanaitana kwa rangi. Mwenzetu mmoja, anayejulikana wilaya nzima kwa kuwatolea walimu maneno ya nguoni, alitoka nyekundu. Sijapata kumwona na furaha vile. "Mnaona sasa? Ndivyo nilivyoumbwa!" Alikunja ile karatasi akaitia mfuko wa shati kama hirizi, na nasikia anaendelea kutukana, tofauti ni kwamba sasa ana cheti.

Rangi zile zina ukoo mrefu kuliko mwezeshaji alivyotuambia. Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya 2, na matabibu wa Kiarabu waliomfuata, waliwapanga watu kwa majimaji manne ya mwili: damu, belghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Mwenye damu nyingi ni mchangamfu, mwenye nyongo ya manjano ni mkali, na kadhalika. Neno letu safura, ambalo kwetu ni ule upungufu wa damu wa minyoo, linatokana na jina la Kiarabu la hiyo nyongo ya manjano. Miaka mingi baadaye, mwaka 1921, Mswisi Carl Jung akaandika juu ya watu wanaoelekea ndani na wanaoelekea nje. Kutoka kwake, Wamarekani wawili, mama na binti yake, Katharine Briggs na Isabel Briggs Myers, wakatengeneza dodoso linalomtoa mtu na herufi nne, aina kumi na sita kwa jumla. Hawakusomea saikolojia. Ilikuwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanawake wanaingia kazi zilizoachwa na wanaume, nao walitaka kila mmoja apate kazi inayomfaa. Nia njema kabisa. Shida ni kwamba watu wengi wakilijaza tena baada ya wiki chache hutoka na herufi nyingine. Ndiyo maana watafiti wengi wa saikolojia siku hizi hupenda kupima sifa kwa kiwango, kama unavyopima kimo. Duniani hakuna warefu na wafupi tu, kuna sentimita.

Halafu kuna habari za "aina ya nishati". Shoga yangu mmoja alinitumia kwenye WhatsApp: weka tarehe, mahali na saa ya kuzaliwa, utaambiwa nguvu zako ni za namna gani na uongoze vipi. Mfumo wenyewe uliletwa na Mkanada aliyesema alisikia sauti akiwa kisiwa cha Ibiza mwaka 1987. Sisi tuliokulia na utabiri wa Sheikh Yahya Hussein hatuwezi kushangaa sana. Nilimpigia mama kumuuliza saa niliyozaliwa.

"Ulizaliwa msimu wa korosho."

"Saa, mama."

"Kabla ya jua. Baba yako alikuwa ameshatoka kwenda shamba."

Nikaweka saa kumi na moja alfajiri. Nikaambiwa mimi ni wa aina ya kungoja kualikwa ndipo niongoze. Nilicheka peke yangu. Nilikuwa na barua ya Mkurugenzi yenye mhuri na kumbukumbu namba; sijui mwaliko mwingine ungetoka wapi.

Hata hivyo siwezi kusema vyote vile vilikuwa bure. Ukitoa rangi, herufi na sayari, chini linabaki swali moja ambalo sikuwahi kujiuliza katika miaka yangu yote ya kazi: kitu gani kinanijaza na kitu gani kinanimaliza? Swali hilo halihitaji saa ya kuzaliwa. Linahitaji kaunta buku.

Nilinunua moja. Nikachora safu tatu: saa, nilikuwa nafanya nini, chaji imebaki kiasi gani. Chaji niliiandika kama ya simu, asilimia ya kukisia tu. Mwezi mmoja, kila siku ya kazi, bila kumwambia mtu. Nilijua nitakachokuta: kwamba watu wananichosha. Si nilitoka bluu?

Daftari lilinikatalia. Kipindi cha hesabu darasa la sita, watoto themanini na wawili kwenye chumba kimoja, joto la Novemba, nilikuwa naingia na chaji sitini natoka na themanini. Kila mara. Kwa hiyo tatizo si watu, wala si wingi wa watu. Nikiwa na kitu cha kufundisha, na ubao, na mwanzo na mwisho, hata uwanja mzima haunitishi. Kinachonikausha ni kusimama mbele ya watu nikiwa sina cha kuwaeleza isipokuwa kwamba mimi ndiye mkubwa. Mstari wa asubuhi ulikuwa ndiyo huo. Kila siku saa moja na nusu naanza kazi kwa kumwaga chaji arobaini kwa ajili ya kuonekana.

La pili: simu. "Madamu, tuletee takwimu za wenye mahitaji maalumu kabla ya saa sita." Simu moja kama hiyo ilinila kuliko kikao cha saa mbili. Na wageni wasio na miadi, ambao Radi alikuwa akiwapokea kwa vicheko na soda, mimi nilikuwa nawahesabu.

La tatu ndilo lililoniuma. Nilipopitia mahali nilipoandika nimemjibu mtu vibaya, karibu pote palikuwa saa saba na nane mchana, kabla sijala. Vikao vya walimu vilikuwa saa nane, kwa desturi ya Radi, ambaye mchana ndipo alipokuwa anapamba moto. Nilikuwa nawaita walimu wangu wote pamoja katika saa yangu mbaya kuliko zote, halafu nashangaa kwa nini vikao vinaisha kwa watu kuninunia.

Nikaanza kuhamisha vitu. Mstari nikampa msaidizi wangu, ambaye ujana wake alikuwa golikipa na kelele anazo za akiba. Yeye akitoka mstarini anakuwa kama mtu aliyekunywa chai ya maziwa na chapati mbili. Mimi nikabaki na Jumatatu tu, dakika tano, na kila Jumatatu naleta fumbo moja la hesabu, mshindi anatajwa Ijumaa. Sikuhitaji kufoka, nilikuwa na cha kufundisha. Kikao nikakirudisha saa nne na nusu asubuhi wakati wa chai, ajenda zikiandikwa ubaoni siku moja kabla. Hilo la ajenda nililifanya kwa ajili yangu, kwa sababu sipendi kushtukizwa, lakini walimu watatu ambao sikuwahi kusikia sauti zao kikaoni walianza kuzungumza. Kumbe hatukuwa bluu mmoja.

Yule kijana wa darasa la tatu nilimwita chini ya mkorosho ulio nyuma ya stoo. Nilikuwa nimejiandaa, na nikasema nilivyojiandaa: kwamba maneno niliyomwambia hayakuwa ya haki, kwamba siku nne zile sikuwa na kinyongo bali aibu. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Madamu, mimi nilijua unaandika barua ya kunihamisha." Tukapanga vipindi vyake vya kwanza viwe vya mwalimu mwingine mpaka mtoto atimize miezi mitatu. Kwa mtu aliyepanga ratiba maisha yake yote ilinichukua dakika kumi. Niligundua pia kwamba mtu mmoja, chini ya mti, kwa sauti yangu ya kawaida, ndipo ninapoongoza vizuri kuliko mahali pengine popote.

Ningeweza kuishia hapo, na makala nyingi za namna hii huishia hapo: jitambue, jikubali, mambo yakanyooka. Lakini niliwaahidi bili.

Baada ya miezi kama mitano mtendaji wa kijiji alikuja na mgeni. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi, nasahihisha madaftari. Walinisalimia vizuri wakanipita, wakaenda moja kwa moja kwa msaidizi wangu. Mgeni akampa mkono: "Mwalimu mkuu, habari za kazi?" Msaidizi alinitazama. Nikainama kwenye madaftari. Nilijiambia nimefurahi, hiyo si chaji nimeokoa? Nilikuwa najidanganya. Nilikuwa nimeufanya ukimya wangu shimo la kujificha, na nikauita kujitambua. Yule mwenzetu mwekundu alikuwa na hirizi mfukoni. Kumbe na mimi yangu nilikuwa nayo, ya bluu.

Sisi wakimya tuna methali nyingi za kutupamba. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Ukizisikiliza sana unaweza kuamini kwamba kila anayenyamaza ana hekima. Wengine tunanyamaza kwa woga tu. Na anayekaa chini ya kiongozi mkimya ana mzigo ambao wa Radi hawakuwa nao: wa Radi walijua kila dakika mkubwa wao anawaza nini, wangu walikuwa wanakisia. Nilikuja kuambiwa kwamba kuna mwalimu alikuwa akiniona nimekaa kimya ofisini anarudi na shida yake mkononi, anawaambia wenzake, "Leo madamu amenuna, nitaenda kesho." Kesho yake na mimi nimekaa vilevile. Barua yake ya ruhusa ya kwenda kumuuguza mama ilichelewa wiki moja kwa sababu ya uso wangu.

Kwa hiyo kwenye kikao kilichofuata niliweka ajenda ambayo nadhani haijawahi kuandikwa kwenye ubao wa shule yoyote: "Uso wa Mwalimu Mkuu." Walicheka kabla sijaanza, na hilo lilinisaidia. Nikawaambia: nikinyamaza sijanuna, nafikiri. Nikikasirika nitasema kwa mdomo, msinisome usoni. Mlango ukiwa wazi ingieni hata kama nimekunja ndita. Zile ni za kuzaliwa, nimerithi kwa baba. Na shida isiyoweza kungoja mniletee asubuhi au mchana, lakini ikiwa ni saa saba na nusu, nileteeni na andazi. Yule mwalimu mama mkongwe akanyoosha mkono akauliza kama andazi litaingia kwenye bajeti ya uendeshaji.

Hilo lilikuwa gumu kuliko kumpa mtu mstari wangu. Kumpa msaidizi kazi nisiyoiweza ni rahisi, hata heshima unapata. Kusimama na kuwaeleza watu unaowaongoza jinsi ya kuishi na kasoro yako, pale koo lilinikauka bila kufoka.

Mkutano wa wazazi haukuweza kupewa msaidizi. Tulitaka kuanza uji na chakula cha mchana, kila kaya ichangie mahindi, na mwenye kuomba ni lazima awe mwalimu mkuu. Mimi ni Mmakua wa Masasi, Kimakonde changu ni cha kununulia muhogo sokoni. Nilisimama chini ya miembe nikiwa na mambo matatu niliyoyaandika kwenye kiganja, nikaanza kwa sauti yangu ileile ya ubaoni. Mzee mmoja nyuma akapaza: "Sauti!" Nikaongeza kidogo. "Sauti, mwalimu!" Nikaona ule mluzi unakuja.

Nikamwita msaidizi asimame pembeni yangu. Nikasema mbele ya wote kwamba sauti yangu ni fupi, maneno ni yangu na koo ni lake. Nikawa natoa sentensi moja, naye anaitia Kimakonde. Mimi nasema, "Mtoto mwenye njaa hasikii hesabu." Yeye anasema kitu kirefu sana, kina mtu na mbuzi ndani yake, wazazi wanaangua kicheko, halafu wanatikisa vichwa. Mpaka leo sijui mbuzi yule alifanya nini. Maswali yalipokuja walimwangalia yeye, naye kila mara alinigeukia mimi kwanza, akanyamaza, akangoja. Kule kungoja kwake ndiko kulikowaambia nani ni nani. Walipitisha kilo kumi za mahindi kwa mtoto kwa muhula, baada ya mabishano ya saa nzima kuhusu wenye watoto wanne, ambayo niliyamaliza mwenyewe, kwa namba, kwa kijiti kwenye mchanga.

Mwaka jana Radi alikuja kutembea. Amepungua mwili, ameacha baiskeli, anatembea kwa bakora. Nilimwandalia chai ofisini kwake, namaanisha ofisini kwangu. Akaangalia ukutani, akaona ratiba yangu ya rangi nne, akatabasamu. Nikamwambia kuhusu mluzi. Nilidhani atacheka, lakini alizungusha kikombe.

"Unajua mimi nilikuwa nikifika nyumbani siongei na mama watoto mpaka isha?" akasema. "Alizoea. Anaweka chakula, ananiacha. Nilikuwa nimeisha kabisa."

"Wewe, mzee?"

"Nilianza kazi chini ya mwalimu mkuu mmoja wa zamani, mkoloni alimfundisha. Akipiga kelele, kunguru wanahama. Nilidhani ndivyo inavyokuwa." Akanywa kidogo. "Miaka tisa."

Sikuwa na la kusema, naye hakuwa na la kuongeza. Tulikaa. Nje darasa la pili walikuwa wanaimba jedwali la tatu. Chai ilipoa, mimi nikiangalia ratiba na yeye akiangalia mlingoti wa bendera dirishani, na nadhani ilipita nusu saa, ya raha kabisa, kabla msaidizi hajachungulia mlangoni, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akauliza kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo:

"Jamani, mmegombana?"